Mtaka cha Uvunguni

Katika vitabu vya historia nilivyofundishia, gari linapita tu. Linaingia nchini na Wajerumani, linabeba pamba, kahawa na mkonge, linakwenda Zambia. Haliharibiki hata mara moja. Hakuna ukurasa wenye mtu aliyelala chali chini yake, oili ikimchuruzikia kiwikoni, akitafuta nati kwa kupapasa. Mimi ni binti wa mtu huyo. Nimestaafu ualimu, muda ninao, na nataka kuandika habari za kazi moja tu kati ya kazi zake: kushusha sampu nyumbani, uani, bila gereji.

Nimeichagua kazi hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa mlango. Sampu ni lile karai la bati au alumini linalofungwa chini kabisa ya injini. Ndimo oili inamokaa. Katika magari mengi ya zamani kulitoa hakukuhitaji winchi wala kuinua injini. Kulihitaji spana, subira na mgongo wenye afya. Likishatoka, injini iko wazi kutoka chini: krenki, konrodi, beringi, pampu ya oili na chujio lake. Mtu asiye na cheti wala karakana aliweza kuufikia moyo wa gari akiwa kwake, watoto wakicheza kando. Ninaamini kwamba ufundi wa magari wa Waafrika wa nchi hii uliingilia hapo chini, na wala haukuingilia hapo kwa bahati.

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari aina ya Gaggenau, akiazimia kulivuka bara hadi Atlantiki. Alifika Swakopmund, katika Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Sehemu kubwa ya miezi hiyo hakuwa akiendesha. Alikuwa akingoja spea zitoke Ujerumani kwa meli, au gari likivutwa kutoka mtoni na matopeni kwa kamba. Jina lake limebaki. Waliovuta kamba hawakuandikwa.

Magari mengi kwa mpigo yaliletwa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliposhuka kutoka upande wa Kilimanjaro kuelekea Reli ya Kati, mbung'o waliua farasi na ng'ombe wao kwa maelfu, na mizigo ikabaki kichwani mwa wapagazi na juu ya magari madogo ya Ford. Hapa Morogoro Waingereza waliingia tarehe 26 Agosti mwaka huo. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na hilo ndilo jambo kubwa la vita ile, kubwa kuliko mapigano yenyewe. Walionusurika, baadhi yao walikuwa wameshaona kitu ambacho baba zao hawakukiona: gari bovu likifunguliwa porini na kuondoka tena.

Ford zile, za aina ya Model T, zilitengenezwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, na umbo la tumbo lake linaihusu sana habari yangu. Hazikuwa na pampu ya oili. Oili ilikaa chini, na vyuma vilivyokuwa vikizunguka vikaichota na kuirusha huku na huku. Kiwango chake kilipimwa kwa kufungua vibomba viwili vidogo nyuma ya injini, kimoja juu na kingine chini; cha chini kisipotoa kitu, usithubutu kuondoka. Na chini ya sampu kulikuwa na kifuniko cha bati. Ukikitoa, unazifikia beringi za konrodi papo hapo. Beringi zenyewe zilikuwa za madini laini yaliyomiminwa. Zikilika, injini inagonga. Fundi anaingia chini, anatoa kifuniko cha beringi, anakipitisha kwenye tupa kidogo sana, anakifunga tena, na kugonga kunaisha. Henry Ford aliwafikiria wakulima wa Marekani walio mbali na gereji. Kwa umbali wa kutoka gereji, Kilosa ya miaka ya 1920 haikuwa na tofauti kubwa nao.

Walioshika gereji za mijini walikuwa Wahindi, hasa Singasinga. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilileta wahunzi, maseremala na mafundi wa injini kutoka Punjab, na wengine wakafuata baadaye kwa hiari yao. Ufundi wa gari moshi ukageuka ufundi wa gari la barabarani bila shida. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho na kushinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, alikulia katika gereji ya baba yake. Serikali za kikoloni nazo zilikuwa na shule zao za ufundi: Kabete kule Kenya tangu miaka ya 1920, na huku kwetu Ifunda mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha Moshi. Shule hizo zilitoa mafundi wazuri sana, ila wachache mno kwa nchi nzima.

Wengine wote waliingia kama spanaboi. Baba alinieleza utaratibu huo mara nyingi na hakuwa na kinyongo, lakini alitaka nielewe. Kazi za juu ya injini, yaani kabureta, valvu, mpangilio wa moto, zilikuwa za mwenye gereji na wanawe. Kazi ya chini ilikuwa chafu. Oili inaingia machoni, mchanga unaingia mdomoni, bomba la moshi linaunguza mkono. Hiyo alipewa spanaboi. Akaosha sampu, akashika taa, akafungua, akafunga, na kila siku mwenye gereji alipoinama kukagua beringi, kijana alikuwa ameshalala palepale, uso juu, akiona yote. Kilichogawiwa kama adhabu kikawa darasa. Ndiyo maana fundi wa zamani asiyejua kusoma angeweza kushindwa na kabureta, lakini hukumkuta akishindwa na beringi.

Kwa upande wa Dodoma darasa hilo lilikuwa kubwa kupita kiasi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea, kwa lengo la kufyeka zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta yaliletwa kutoka masalia ya vita, mengine mbali hadi Ufilipino, na vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta huko Uingereza vikaitwa Shervick. Yalifika yakiwa yamechoka. Ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ikawa ngumu kama sakafu, mizizi ya vichaka inashika majembe, na vumbi haliishi hewani.

Vumbi ndilo lililomfundisha baba kazi. Alikuwa kijana wa Kigogo kutoka upande wa Mpwapwa, alipokelewa karakana ya Kongwa kama mwosha spea. Vumbi likipita kwenye chujio la hewa lililochoka, linaingia ndani ya silinda, linateremka na kuchanganyika na oili, na oili inageuka kuwa msasa. Kinachotakiwa kulainisha ndicho kinachosaga. Trekta linaanza kufifia, linagonga, linarudi karakana likiburutwa, na kwanza kabisa linashushwa sampu. Sampu za matrekta yale zilikuwa kubwa. Baba alisema ungeweza kumwogeshea mtoto. Yeye na wenzake walizishusha asubuhi hadi jioni. Mzungu aliyewasimamia aliwataka wasimwage tope lililobaki chini kabla ya kumwita alitazame, na baba akawa anasogea karibu kila mara, anatazama anachotazama yule. Baada ya muda alikuwa anajua jibu kabla ya kumwita.

Januari 1951 mpango ulitangazwa kuwa umeshindikana, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu. Katika kufundisha nilikuwa nikiueleza mpango ule kama kila mwalimu anavyoueleza, kwamba ni mfano wa kupanga bila kuuliza wenyeji, na ni kweli. Sikuwahi kuona popote palipoulizwa wale vijana wa karakana walikwenda wapi. Walikwenda na ufundi wao. Wengine walirudi vijijini wakakuta hakuna hata baiskeli ya kutengeneza. Wengine walipanda treni wakafuata mkonge, na baba alikuwa mmoja wao.

Kimamba, karibu na Kilosa, mashamba ya mkonge yalikuwa na karakana zao. Injini za dizeli ziliendesha korona zilizokwangua majani, matrekta yalivuta matela, malori yalipeleka marobota stesheni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hii iliongoza duniani kwa mkonge, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na hakuna korona iliyozunguka bila mtu wa chini. Baba alifanya kazi pale hadi bei ilipoanguka. Mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, mengine yakapunguza watu, naye akapunguzwa.

Kwa bahati njema barabara ilikuwa na kazi. Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru Rhodesia, na Zambia, iliyokuwa ikipitishia mizigo yake huko, ikahitaji njia nyingine ya kuingiza petroli na kutoa shaba. Malori yalianza kutoka Dar es Salaam, yakapita hapa Morogoro, Mikumi, Iringa, Mbeya, hadi Tunduma na kuendelea, kwenye barabara ya udongo yenye mawe na korongo. Madereva wa Kizungu waliiita njia ya jehanamu. Fiat nyekundu kwa vumbi zilipita usiku na mchana. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, lami ikafuata miaka ya mwanzo ya 1970, kisha reli ya TAZARA. Lakini kwa miaka ile ya mwanzo, jiwe moja lililoruka lilitosha kumwacha dereva porini. Magari ya Safari Rally yalikuwa yanafungwa ngao ya chuma chini ya sampu. Malori ya mizigo na magari madogo yaliyoyafuata hayakuwa na anasa hiyo.

Tangi la petroli likitoboka, dereva alipaka sabuni ya mche, ikashika hadi mji unaofuata. Sampu haikubali sabuni kwa muda mrefu, kwa sababu oili ina joto. Ilibidi ishushwe, ioshwe sana hata harufu iishe, kisha ichomelewe kwa gesi na kijiti cha shaba. Kuosha ndiko kulikookoa maisha: sampu yenye mvuke wa petroli ukiisogezea moto hulipuka. Baba alifanya kazi hizo kando ya barabara, Mikumi na Ruaha Mbuyuni, akilala chini ya lori analolitengeneza. Hapo ndipo alipoacha kabisa kuhitaji karakana. Aliporudi Morogoro na kujenga Mwembesongo, uwanja wa nyuma aliupima kwa urefu wa Landrova kabla ya kupima vyumba.

Nikae kidogo uani hapo, maana ndipo nilipokulia.

Hatukuwa na shimo la kuingilia chini ya gari. Masika maji yangelijaza. Tulikuwa na mataruma ya mti yaliyotupwa na reli. Magurudumu ya mbele yalipandishwa juu yake, ya nyuma yakawekewa mawe. Jeki ilikuwa ya kuinulia tu. Kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake baba alikukataza kwa ukali ambao hakuutumia kwa jambo jingine lolote, na tairi la akiba lililazwa siku zote chini ya chesisi, karibu na kifua chake, ili gari likishuka lishukie tairi. Nimewahi kukaa kwenye misiba ya mafundi ambao hawakufanya hivyo. Kijana yeyote anayesoma hapa na ana jeki nyumbani, hilo alishike kabla ya mengine.

Injini iliwashwa kwanza ipate joto. Oili ya moto hutoka na uchafu wake. Ya baridi huuacha ndani. Ikishachuruzika yote kwenye karai, nati zinaanza. Landrova ilitaka spana za inchi, Peugeot na Datsun za milimita, na baba alikuwa na mafurushi mawili yaliyofungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, asichanganye gizani. Hakufuata mstari. Alilegeza moja huku na moja kule, akaacha za kona zikishika kwa ncha. Kisha kisu chembamba kikapita polepole ukingoni kati ya gasketi na bati, akigonga kwa kiganja. Bisibisi haikuruhusiwa kuchokonoa hapo. Ukingo wa sampu ukipinda, gari litavuja hadi liuzwe.

“Mama, sogeza tochi,” alikuwa akiniambia, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Tochi, kamwe si kibatari, kwa sababu ya petroli ya kuoshea. Sampu inashuka juu ya kifua chake, mikono miwili, kama inavyobebwa maiti ya mtoto, hakuna kuimwaga. Inawekwa kivulini. Hapo anatoka, ananawa mikono kwa mafuta ya taa, na anachuchumaa kusoma.

Kusoma ndilo neno alilolitumia. Tope lililobaki chini alilichota kwa kidole gumba na cha shahada, akalisugua taratibu. Likiwa laini na jeusi, injini ni nzima, ilikosa tu kubadilishiwa oili. Likikwaruza, kuna vumbi, chujio la hewa limekufa. Kisha alichukua sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio, akaifunga kwenye kitambaa, akaipitisha kwenye tope. Kilichonata ni chuma: ringi za pistoni, au krenki yenyewe. Kilichobaki kinang'aa bila kunata ndicho kilichomtia wasiwasi. Vipande vya fedha ni madini laini ya beringi, au alumini ya pistoni. Rangi ya shaba ikionekana, beringi imeshalika tabaka la juu, imefika la chini, na mwenye gari akiondoka hivyo ataiua krenki kabla ya kufika Chalinze. Akiwa na mteja mwenye haraka, baba alimwita achuchumae naye na kumwonyesha. Sikumbuki mtu aliyebisha akishaona ile rangi.

Nasisitiza hili kwa sababu wanaoandika kuhusu mafundi wa mtaani huwasifu kwa ubunifu wa kuunganisha waya na kamba, kana kwamba kipaji chao ni kukosa vitu. Kilichokuwa pale uani kilikuwa elimu ya kupima na kuhukumu, imepokelewa Kongwa, ikakomazwa Kimamba na barabarani.

Vitu navyo vilikosekana kweli. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Vita vilipokwisha mwaka uliofuata hazina ilikuwa imekauka na bei ya mafuta duniani imepanda tena. Magari ya mashirika ya umma yaliwekwa juu ya mawe, ikawa kila ofisi ina makaburi yake ya Landrova. Gasketi mpya ya sampu haikupatikana dukani hata kwa kibali. Baba aliikata mwenyewe: boksi gumu analilaza juu ya ukingo wa sampu, anapita pembeni kwa nyundo ndogo, tik tik tik, mpaka ukingo wa chuma unalikata, na matundu ya nati anayatoboa kwa upande wa nyundo ulio mviringo. Ile ya gome laini, iliyokaa stoo hadi ikasinyaa, aliiloweka usiku kucha majini irudi urefu wake. Beringi iliyolegea kidogo aliiwekea karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mgongoni, na akamwambia mwenye gari wazi kwamba hiyo ni dawa ya miezi, aende akatafute beringi. Oili iliyotoka haikutupwa. Ilipakwa kwenye mbao za paa dhidi ya mchwa, na nyumba nyingi za Mwembesongo za miaka ile zina mbao nyeusi hadi leo. Iliyomwagika ardhini, na ilimwagika, ilituharibia udongo. Pembeni ya mataruma hapakuota hata mchicha.

Mwaka 1983 ulikuwa mgumu kwa namna nyingine. Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ilipoanza, kila aliyeficha bidhaa alikuwa na hofu, na walanguzi wa kweli walistahili. Lakini fundi wa uani naye alikuwa na bati la beringi kuukuu, kreti la pistoni, pampu za oili zilizotolewa kwenye magari maiti. Nani angemweleza askari kwamba hizo ni spea za wateja? Mwaka huohuo ikaja Sheria ya Nguvukazi, na mjini watu wasio na kazi inayotambulika walikuwa wakikamatwa na kupelekwa vijijini kulima. Mtu mwenye mikono iliyojaa oili kuanzia alfajiri, asiye na kibao mlangoni wala mwajiri wa kumwandikia barua, alihesabiwaje? Baba aligawa spea zake kwa nyumba za jirani, mfuko huku, mfuko kule, na kwa wiki nyingi nilikuwa natumwa kuzifuata moja moja chini ya kanga, kama naazima chumvi. Jambo hilo bado linaniuma. Magari yaliyotembea mji huu wakati ule, yakiwemo ya waliokuwa wakikamata, yalitembea kwa sababu ya watu kama yeye.

Kenya mambo yalikwenda tofauti. Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti yake juu ya ajira nchini humo mwaka 1972 na kuzitaja kazi hizi ndogondogo kama nguvu ya uchumi, na mwaka 1985 Rais Moi alikwenda mwenyewe kwa mafundi wa Kamukunji akaahidi vibanda. Jua kali, jina wanaloitwa mafundi hao, ikawa fahari. Sisi tulikuwa na SIDO tangu 1973, ikasaidia viwanda vidogo vyenye majengo. Gereji bubu kama ya baba, isiyo na kibao, haikuwa na mtetezi.

Ruksa ya kuingiza bidhaa kwa fedha za mtu binafsi ilianza na bajeti ya 1984, na baada ya Mzee Mwinyi kuingia Ikulu mwaka uliofuata maduka yalijaa. Toyota kuukuu zilianza kushuka bandarini, kwanza Hilux na Corolla, kisha Hiace za daladala, kisha hizi ndogo za leo. Furushi la spana za inchi likawekwa juu ya kabati na halikushuka tena. Gasketi ya sampu nayo ikatoweka katika injini nyingi; Wajapani walianza kufunga sampu kwa silikoni peke yake. Silikoni inashika vizuri kuliko boksi, sibishi. Ina kasoro yake: ikizidishwa, inayotokeza ndani hukatika ikiwa imekauka, inaelea kwenye oili hadi ifike chujioni.

Injini zenyewe siku hizi zimewekwa kwa kukingama, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, na katika nyingi boriti la chesisi linapita chini kabisa ya sampu, kwa hiyo huitoi bila kuining'iniza injini. Gari kadhaa za Ulaya zina sampu ya plastiki. Uani unazidi kuwa mdogo kwa kazi hiyo. Baadhi bado zinakubali. Injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST na Vitz ina sampu mbili, ya juu alumini na ya chini bati dogo lenye nati namba 10, na hiyo ya chini mtu anaishusha alasiri moja.

Mwanangu amesoma chuo cha ufundi cha VETA Kihonda, na mwaka jana alikuwa na IST ya jirani juu ya mataruma yaleyale. Taa ya oili ilikuwa inawaka gari likiwa limesimama linaunguruma. Alipima kila kitu kwa kitabu: nati ndogo zikazwe kwa nyutoni mita 9, silikoni ipakwe kamba ya milimita 3 au 4, oili isitiwe kabla ya saa mbili kupita. Mzee mmoja aliyekuwa spanaboi wa baba, sasa macho yake si mazuri, alikuwa ameketi kwenye kigoda akisikiliza. Sampu iliposhuka kijana akaanza kuimwagia petroli.

“Subiri, baba. Umeisoma?”

“Bado, mzee wangu.”

Ikarudishwa kivulini. Sumaku haikunasa kitu, na tope lilikuwa laini. Mzee akamwambia arudi chini apapase chujio la pampu. Likatoka limezibwa na nyuzi nyekundu za silikoni, zimebanana wavuni karibu robo tatu ya tundu. Fundi aliyetangulia, popote alipo, alikuwa amepaka kama anaziba paa. Walizichomoa moja moja kwa kibanio cha nyusi nilichokitoa ndani, wakaosha, wakapaka kamba nyembamba kama kitabu kinavyosema, na magharibi wakatia oili lita 3 na nusu.

Taa ilizima sekunde hiyohiyo injini ilipowaka.